Steki ya Kolandoto: Majani badala ya chumvi, si badala ya dawa

Gari likitoka Shinyanga mjini kuelekea Mwanza, halichukui muda mrefu kabla kondakta hajaanza kuita: "Kolandoto, hospitali! Kolandoto wa kushuka!" Wanaoshuka ni wajawazito wenye kadi za kliniki mkononi, wazee walioshikwa mkono na wajukuu, na wanafunzi wa chuo cha afya wanaorudi kutoka mjini.

Hapa barabara inagawanyika. Moja inaendelea mbele kwenda Maganzo na Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Nyingine inakata kulia kuelekea Lalago na Mwanhuzi. Hospitali iliyopo ni ya Kanisa la AICT, na chanzo chake ni wamisionari waliofika huku miaka mingi kabla ya uhuru. Hadi leo watu wa vijiji vya mbali huitaja Kolandoto wakimaanisha hospitali.

Lakini njia panda ya Usukumani haikamiliki bila bucha na jiko la mkaa. Jumamosi moja mchana, bibi mmoja mwenye umri wa miaka sitini na kitu anatoka kliniki akiongozana na mke wa mwanawe. Wanasimama mbele ya bucha.

"Mwadila, mayu," mwenye bucha anamsalimia bibi. Bibi anaitikia, kisha anakaa kwenye benchi na kuiachia kazi ile miguu ya mkwewe.

Siku hiyo haitakiwi nyama ya mchanganyiko. Inatakiwa steki, kilo moja, bila mfupa. Mtoto mkubwa wa bibi anarudi jioni kutoka Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, baada ya miezi mitano. Hapo ndipo ugumu ulipo. Bibi ametoka kupimwa na presha imepanda. Ameambiwa apunguze chumvi. Na kuna jambo jingine ambalo amelisema kliniki kwa sauti ya chini: kwa wiki tatu alikuwa ameacha vidonge, kwa sababu jirani alimwambia kitunguu saumu kinatosha.

Mke wa mwanawe ana swali moja kichwani tangu watoke kliniki: apike sufuria mbili, moja ya mgonjwa na moja ya mgeni, au ipatikane sufuria moja ambayo wote wataifurahia?

Nyama huchaguliwa kabla ya majani

Ng'ombe wa Usukumani wengi ni wa asili, wenye nundu. Hutembea mbali kutafuta malisho na maji, na wengi huchinjwa wakiwa wamekomaa. Nyama yao ina ladha nzito, mafuta machache na nyuzi ngumu. Ndiyo maana steki ya huku ikirushwa kwenye kikaango kama inavyoonekana kwenye video za simu, hutoka kama soli ya kiatu.

Mama huyu anaijua nyama. Kwanza anatafuta mhuri wa mkaguzi. Kisha anaangalia rangi: nyekundu, isiyo na ukijani wala utelezi. Ananusa. Anamwomba mwenye bucha akate vipande kwa kupingana na nyuzi za nyama, si kwa kuzifuata. Ukikata hivyo, nyuzi zinakuwa fupi, na hata bibi asiye na magego anatafuna bila shida.

Mhuri ule si urembo. Hakuna jani wala kiungo kinachoweza kusafisha nyama ya ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa. Kimeta hakiogopi tangawizi. Ng'ombe aliyejifia mwenyewe hachunwi wala haliwi, hata kama nyama yake inauzwa bei ya kutupa.

Bustani nyuma ya bafu

Nyumbani kwao ni mwendo wa bodaboda kutoka njia panda. Njiani kuna mashamba ya mtama na pamba, na mbele kidogo eneo lenye nyasi ndefu na miti, ambalo ng'ombe hawaruhusiwi kuingia hadi kiangazi kikikolea. Hilo ni ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutunza malisho. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa umepoteza miti mingi, na mradi wa hifadhi ya ardhi ulioitwa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulizifufua ngitili nyingi pamoja na miti yake. Mkwaju ni mmoja wa miti ya huku, na matunda yake Wasukuma huyaita bushishi.

Ukwaju ndio kiungo cha kwanza cha sufuria ya leo. Uchachu wake hulegeza nyama ngumu, na ulimi ukikutana na uchachu hauulizii chumvi sana. Limau na ndimu hufanya kazi hiyo hiyo, lakini ukwaju hapa hukaa ndani ya kopo mwaka mzima.

Nyuma ya bafu, pale maji ya kuoga yanapotoka, pana shina kubwa la mchaichai. Majani yake huchemshwa, kwa hiyo maji yale hayaleti shida kubwa. Giligilani imepandwa mbali na hapo, ndani ya ndoo mbovu, na inamwagiliwa maji ya kisima. Sababu ni kwamba giligilani huliwa mbichi au ikiwa imepata moto kidogo tu, na jani la namna hiyo halistahili maji machafu.

Pembeni kuna kichaka cha rozimari. Ndugu mmoja alileta kijiti chake kutoka Arusha, kikachomekwa kwenye udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Kimeshika. Rozimari hupenda jua na huchukia maji yanayotuama, hivyo huvumilia kiangazi cha Shinyanga kuliko mboga nyingi.

Kuna kitu kimoja ambacho hakiingii kwenye kapu: majani ya porini. Watoto wawili wanarudi na matawi kutoka ngitili wakisema yananukia vizuri. Bibi anayakataa. Yeye anajua miti mingi inayotumika kwa dawa, na kwa sababu anaijua, anajua pia kwamba mti wa dawa si mti wa mchuzi. Harufu nzuri haimaanishi jani linalika. Mzazi asiyelijua jani kwa jina na kwa matumizi ya jikoni aliache huko huko lilikoota.

Sufuria moja kwa watu sita

Kwa kilo moja ya steki, mama anatwanga kwenye kinu punje sita za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kidole gumba. Anaongeza vijiko viwili vya mezani vya maji mazito ya ukwaju, kijiko kimoja cha mafuta, pilipili manga kidogo, na majani ya kijiti kimoja cha rozimari yaliyokatwa katwa. Anaipaka nyama na kuifunika.

Tangawizi ina vimeng'enya vinavyolegeza nyama, kama ilivyo kwa papai bichi. Papai lina nguvu zaidi: ukilitumia, nusu saa inatosha, maana likizidi nyama inakuwa kama uji. Kwa mchanganyiko wa ukwaju na tangawizi, saa moja ni muda mzuri.

Nyumba hii haina friji. Katika joto la Shinyanga, nyama mbichi isikae nje zaidi ya saa moja. Asiye na friji apake viungo karibu na muda wa kupika. Mwenye friji aiweke humo tangu mwanzo. Na mchuzi ule uliogusa nyama mbichi usipakwe juu ya nyama iliyoiva. Uchemshwe kwanza au umwagwe. Ubao na kisu vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari.

Majani nayo yana zamu zake. Yenye ugumu, kama rozimari na mchaichai, huingia mapema, kwa sababu yanahitaji muda kutoa harufu na moto hauyaharibu haraka. Yenye ulaini, kama giligilani, mrehani na nanaa, huingia mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa au inakaribia. Giligilani ikichemka nusu saa hubaki rangi tu. Ukitumia majani makavu, theluthi moja inatosha: kijiko kimoja cha makavu ni sawa na vitatu vya mabichi.

Rozimari isizidi kijiti kimoja kwa kilo. Ikizidi, nyama inanukia kama sabuni, na watoto watakuwa wa kwanza kusema.

Kisha ndipo inakuja chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Watoto wanahitaji pungufu ya hapo. Mama anachukua nusu kijiko cha chai kwa kilo nzima. Ukigawa kwa watu sita, kila mmoja anapata kama nusu gramu kutoka kwenye nyama. Anaiweka mwishoni, kwa sababu chumvi iliyo juu ya chakula ulimi unaisikia haraka kuliko iliyopotea ndani ya mchuzi.

Vile viungo vya kufungwa kwenye karatasi vinavyouzwa dukani kipande kipande havipo leo. Wengi huviweka wakidhani ni ladha tu. Sehemu kubwa ya kipande kile ni chumvi. Anayepunguza chumvi ya kopo na kuongeza vipande viwili vya duka hajapunguza kitu.

Nyama inakaangwa kidogo ibadilike rangi, inaongezwa nyanya, vitunguu, maji na fundo la mchaichai, kisha inafunikwa kwa moto mdogo hadi ilegee. Iive hadi ndani, isibaki na wekundu. Mayai ya tegu na wenzake hayatuhusu hapa. Kinachotuhusu ni vifuko vya mnyoo huyo ndani ya nyama ya ng'ombe, ambavyo hufa nyama ikiiva sawasawa. Ikibaki mbichi katikati, hupata makazi tumboni mwa mlaji.

Anayependa kuchoma badala ya kupika naye ana njia. Asubiri mkaa uwe na majivu meupe, asiweke nyama kwenye ndimi za moto, na aigeuze mara kwa mara. Sehemu zilizoungua nyeusi huwa na kemikali zisizo nzuri kwa mwili. Tafiti zimeonyesha kuwa nyama iliyopakwa viungo kama kitunguu saumu na rozimari kabla ya kuchomwa hutoa kiasi kidogo cha kemikali hizo. Vijiti vya rozimari vikifungwa pamoja vinakuwa brashi nzuri ya kupakia maji ya ndimu. Hata hivyo, kipande kilichokuwa mkaa kikatwe na kutupwa.

Kwenye mkeka

Mgeni anafika magharibi, vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu. Anamsalimia mama yake kwa heshima zote, ananawa, anakaa. Kuna ugali wa mtama, steki yenye mchuzi, na mgagani uliopikwa kwa karanga bila chumvi ya ziada. Watoto wanapewa vipande vidogo vidogo. Kwa mtoto aliyeanza kula, kuanzia miezi sita, nyama laini iliyosagwa ni chanzo kizuri cha madini ya chuma, na huyu mdogo wa mwaka mmoja anapata yake kutoka sufuria hiyo hiyo, bila pilipili.

Mgeni anaonja. Anaangaza macho mkekani.

"Mama, chumvi iko wapi?"

Kimya kidogo. Kopo la chumvi leo limebaki jikoni, juu kabisa ya kabati. Mkewe ndiye anayejibu, na hajibu kuhusu nyama. Anasema habari ya kliniki: kipimo, wiki tatu bila vidonge, na alichoambiwa bibi.

Mwanaume anaweka tonge chini. Machimboni hukaa miezi bila kujua nani nyumbani anaumwa. "Vidonge uliviacha kwa nini, mama?"

"Waliniambia saumu inatosha," bibi anasema. "Na mimi sikuwa naumwa popote."

Hapo ndipo wengi wanapokosea, na si Kolandoto peke yake. Presha ya juu mara nyingi haiumi. Mtu anaacha dawa, anaona yuko sawa, na siku moja anapata kiharusi. Kitunguu saumu, tangawizi na mengineyo ni chakula kizuri kwa kiasi cha jikoni, na faida yake kubwa kwa mwenye presha ni kwamba humwezesha kula chakula kitamu chenye chumvi kidogo. Hayachukui nafasi ya vidonge. Anayetaka kuyatumia kama dawa, kwa kuchemsha na kunywa kwa wingi, amweleze kwanza mhudumu wa afya, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na aliyekwisha acha vidonge asione aibu kulisema kliniki, kama bibi alivyofanya leo.

Mwanaume anarudi kwenye nyama. Tonge la pili, la tatu. Hadi la nne haulizi tena chumvi. Anauliza ule uchachu umetoka wapi. Mtoto mmoja anamjibu kwa sauti, "Bushishi!" na wote wanacheka.

Ulimi huzoea. Familia inayopunguza chumvi kidogo kidogo, kwa wiki chache, hufika mahali chakula cha zamani kikaonekana kimezidi. Mtoto anayekulia kwenye sufuria ya namna hii hana cha kuzoea upya akiwa mtu mzima.

Baada ya kula, mjukuu mkubwa analeta kikombe cha maji na karatasi ya vidonge. Bibi anachukua kimoja na kukimeza mbele ya mwanawe. Tarehe ya kurudi kliniki imeandikwa kwenye kadi, na kadi imechomekwa ukutani karibu na mlango, pale ambapo kila anayetoka ataiona.