Dhamana ya maisha na siku zake sitini

Kila asubuhi mimi ndiye ninayepokea magari katika karakana ya wakala mmoja wa Chrysler hapa Ohio. Kati ya mwaka 2007 na 2009, kampuni hiyo iliuza magari yake mengi mapya hapa Marekani yakiwa na dhamana ya maisha ya injini, giaboksi na mitambo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Aprili 30, 2009 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Dhamana zilizokwisha kutolewa zilibaki hai, na magari hayo bado yanaletwa.

Dhamana hii ni ya mnunuzi wa kwanza peke yake; gari likiuzwa, imekufa. Mnunuzi huyo naye anadaiwa ukaguzi kwa wakala kila miaka mitano, ndani ya siku sitini za tarehe ileile aliyokabidhiwa gari. Maili hazihesabiwi. Gari lililokabidhiwa Oktoba 10, 2008 lilipaswa kukaguliwa 2013, 2018 na 2023, na zamu ijayo ni 2028. Hapo ndipo watu wanapopoteza dhamana, nami huumia kumwambia mzee aliyelitunza gari lake vizuri kwamba amechelewa. Usingoje kukumbushwa. Ukaguzi wenyewe ni bure: tunaliinua gari, tunatazama panapovuja, tunaandika.

Wengi huogopa kwamba kumwaga oili kwa fundi wa mtaani kunavunja dhamana. Hapana. Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 hairuhusu kampuni kukulazimisha ulipie huduma au vipuri vya chapa yake ndipo dhamana isimame. Lakini risiti zitunze, zenye tarehe na maili, kwa sababu injini ikifa kwa kukosa oili utaulizwa.

Mama mmoja mwenyeji wa Bukavu alileta basi lake dogo la familia linavuja maji. “Mwanangu, hii gari imezeeka, wataitengeneza kweli?” Bahasha yake ilikuwa na karatasi zote za ukaguzi. Pampu ya maji na gasketi yake zimo ndani ya dhamana, kwa hiyo kampuni ikalipa. Rejeta haimo, wala alteneta, wala stata. Mpira wa rejeta uliochakaa alilipia mwenyewe. Nilimwonyesha kila mstari kabla ya kazi kuanza, maana mteja akisikia “maisha” hudhani gari zima.

Jambo moja nawasihi. Sauti ngeni ukiisikia au tone la oili ukiliona mapema, lete gari jambo hilo liandikwe, hata kama fundi atasema bado ni jasho tu la sili. Na siku ya ukaguzi usiondoke dirishani kabla mhudumu hajaingiza taarifa kwenye kompyuta ukiwa umesimama pale, na kukupa nakala yenye tarehe, maili na namba ya chasisi. Siku ya kudai, hiyo ndiyo ninayoitafuta kwanza kabla sijafungua boneti.