Motokaa Kuukuu na Ugonjwa Unaokuja na Kuondoka

Wenye motokaa kuukuu wajua ya kuwa ugonjwa mbaya kuliko yote si ule unaolisimamisha gari kabisa. Gari lililokufa hukokotwa mpaka kwa fundi, naye huona upesi kilichovunjika. Ugonjwa mbaya ni ule unaokuja na kuondoka. Leo motokaa yazimika katikati ya kilima. Kesho yapanda kilima kile kile bila kukohoa. Ikifikishwa kwa fundi huwaka kama mpya, na mwenyewe huonekana kama mtu asemaye uongo.

Katika Kenya jambo hili si dogo, kwa kuwa wakulima na wachuuzi wengi wamejenga biashara zao juu ya pikapu za zamani. Peugeot 504, ambayo ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, ilianza kutengenezwa kwa umbo la pikapu mwaka 1979, na miaka mingi ilibeba kabichi, maziwa na watu. Gari la miaka hiyo, lenye kabureta, koili na plagi, halina siri kubwa. Lakini lataka mtu mwenye subira ya kuliuliza maswali kabla ya kulinunulia vitu.

Mkulima mmoja wa Kinangop alikuwa na pikapu ya namna hiyo. Kila asubuhi mpwa wake aliiendesha kukusanya maziwa ya majirani na kuyateremsha Naivasha, na alasiri alirudi na mitungi mitupu. Mji wa Naivasha uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na uwanda wa Kinangop karibu mita 2,500. Kwa hiyo njia ya kurudi ni ya kupanda.

Matata ya pikapu ile yalikuwa ya namna mbili. Pengine ilikataa kuwaka baada ya kusimama kidogo, injini ikiwa moto: stata iliguna mara moja ikanyamaza. Pengine ilizimika njiani wakati wa kupanda, ikakaa nusu saa, kisha ikawaka na kwenda zake. Siku moja ilikataa kuwaka na mitungi ikiwa imejaa, maziwa yakachacha juani, na majirani wawili wakaanza kumpa mtu mwingine maziwa yao.

Mkulima alinunua betri mpya. Kisha alinunua koili, kisha plagi nne, kisha pampu ya petroli. Baada ya kila kitu gari lilienda vema siku mbili tatu, naye akashukuru. Halafu matata yakarudi. Ndipo alipoanza kumtazama mpwa wake kwa jicho jingine. Alikuwa ameona ya kuwa gari huzimika hasa siku ambazo tangi limejazwa Naivasha. Akakata shauri moyoni kwamba kijana huchanganya petroli na mafuta ya taa, na fedha zinazobaki huzitia mfukoni. Hakumwambia neno la wizi, lakini alimnyang'anya ufunguo. Dada yake, mama wa kijana, alielewa vizuri maana ya jambo hilo, akaacha kufika kwake.

Maswali ya fundi

Hatimaye pikapu ilipelekwa kwa fundi mtu mzima mwenye karakana ndogo kando ya barabara. Fundi huyo hakufungua hata boneti. Aliomba kwanza aitwe kijana, kwa maana ndiye aliyekuwa garini kila lilipozimika.

"Injini ikifa, hufa ghafula kama taa, au hukohoa kwanza?"

"Hukohoa, Mzee. Huishiwa nguvu kidogo kidogo, kisha hufa."

"Na ukipiga stata wakati huo?"

"Stata huzunguka vizuri. Siku inayokataa stata ni siku nyingine."

Fundi akamgeukia mkulima. "Bwana, gari lako lina magonjwa mawili, nawe umeyatibu kama ugonjwa mmoja."

Swali lile la kwanza lina maana kubwa. Injini ya petroli yataka petroli iliyochanganyika na hewa kwa kadiri yake, mkandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche ya umeme kwa wakati wake. Injini inayokatika ghafula, kama iliyozimwa kwa ufunguo, mara nyingi imekosa umeme: waya umelegea, swichi ya ufunguo imelika, au koili hushindwa inapopata joto na kupona inapopoa. Inayokohoa na kulegea kabla ya kufa, mara nyingi imekosa petroli. Dalili hizi si hukumu, lakini humwonyesha mtu mahali pa kuanzia.

Fundi alianza na stata. Alipima betri kwa mita ya umeme, akaona volti 12.6, ambazo ni za betri iliyojaa. Akamwambia kijana apige stata. Betri haikushuka sana, na hali stata iliguna tu. Kwa hiyo nguvu ilikuwamo betrini lakini haikufika kwenye kazi. Fundi akachukua waya mnene, akaunganisha ncha hasi ya betri na chuma cha injini, na stata ikazunguka kwa nguvu. Waya unaounganisha injini na mwili wa gari ulikuwa umeliwa na kutu mahali ulipofungwa kwa bolti. Ulipobadilishwa na chuma kukwanguliwa, ugonjwa wa kwanza ukaisha. Betri ya zamani, ambayo mkulima alikuwa ameiuza kwa bei ya chakavu, haikuwa na kosa.

Kifuniko cha tangi

Ndipo mkulima alipotoa neno lililokuwa moyoni. "Fundi, nitazamie petroli hiyo. Naona si safi."

Fundi alitoa petroli kidogo, akaitia katika chupa ya kioo na kuiacha itulie. Kama ingekuwa na maji, maji yangekaa chini na kuonekana. Hayakuwamo. Akadondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Likakauka pasipo kuacha doa, hali mafuta ya taa huacha alama ya mafuta. Mkulima aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu.

Siku ya pili tangi lilijazwa, na wote watatu wakapanda kilima pamoja. Injini ilipoanza kukohoa, fundi hakugusa kabureta. Alimwambia kijana ashuke na kufungua kifuniko cha tangi. Hewa ikaingia kwa mlio uliosikika na wote, na baada ya muda mfupi injini ikapata nguvu tena.

Kifuniko hicho chenye kufuli mkulima alikinunua mwenyewe, baada ya wezi kufyonza petroli usiku sokoni. Kile cha kwanza kilikuwa na kitundu kidogo cha kuingizia hewa. Hiki hakikuwa nacho. Petroli ikipungua, sharti hewa iingie mahali pake. Isipoingia, tangi huivuta petroli nyuma na pampu hushindwa. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, kwa hiyo hufikia hali hiyo upesi zaidi. Gari likisimama nusu saa, hewa hupenya polepole, na injini huwaka kana kwamba imepona. Kila alilolishuku mkulima juu ya kijana lilikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa kifuniko.

Jioni ile mkulima alikwenda nyumbani kwa dada yake. Mbele ya mama alimrudishia kijana ufunguo, akasema, "Mwanangu, nilikudhania vibaya." Kijana akaupokea kwa mikono miwili, akajibu, "Yamekwisha, Mjomba."

Mambo ya kufaa kwa mwenye gari

Mwenye pikapu kuukuu asiye fundi aweza kufanya mengi. Na aweke daftari garini, aandike kila mara injini inapozimika: saa, kilima au tambarare, moto au baridi, petroli kiasi gani, mvua au jua, na jinsi ilivyokufa. Na akumbuke ni kitu gani kilichobadilishwa kabla ya matata kuanza, hata kama ni kidogo. Na abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, baada ya kipimo kuonyesha kwamba ndicho kilichoharibika. Abadilishaye vitu vinne pamoja hajui ni kipi kilichoponya.

Injini ikizimika barabarani, jambo la kwanza ni usalama. Breki zenye kusaidiwa na injini huwa ngumu, basi dereva akanyage kwa nguvu, alitoe gari njiani na kuweka pembetatu nyuma yake. Na mtu yeyote asijaribu cheche za plagi karibu na petroli iliyomwagika.

Motokaa za siku hizi zina kompyuta inayoandika alama za makosa, na wengi hudhani kwamba kazi ya kufikiri imekwisha. Sivyo. Alama huonyesha sehemu inayolalamika. Haisemi kila mara ni nani aliyeiumiza. Fundi mwema bado huuliza, hupima, kisha ndipo hufungua. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na kwa mwenye gari kuuliza ni akiba: humwokolea fedha za vipuri, na pengine jina jema la mtu asiye na hatia.