Laptopu Nyepesi, Begi Zito

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi, na sababu ni safari. Leo nawasimulia nilivyopata laptopu ya kusafiri nayo, baada ya kukosea mara ya kwanza.

Mimi naishi Isiolo na kazi yangu ni kuandika programu. Wateja wangu wengi wako kwenye barabara ya kaskazini: Archer's Post, Laisamis, Marsabit, mpaka Moyale. Kwa miaka mingi nilibeba laptopu niliyomalizia chuo, kilo mbili na nusu, chaja yake kama tofali. Mwaka jana bega lilikataa. Nikanunua nyembamba kuliko zote nilizoweza kumudu: kilo moja na kidogo, matundu mawili ya USB-C, basi. Nikajiona nimefika.

Safari ya kwanza ilikuwa Marsabit, zaidi ya kilomita 250. Mzee mmoja mwenye duka la dawa za mifugo alitaka nihamishe hesabu zake za miaka mitano kwenye programu mpya. Akanipa flashi. Nikaigeuza huku na huku, haina pa kuingia. Adapta nilikuwa nimeiacha mezani Isiolo. Mzee akanitazama, akauliza kwa upole: "Kijana wangu, hiyo kompyuta yako inakulia wapi?"

Watu dukani walicheka, nami nikacheka. Lakini nilizunguka mji wote bila kupata adapta, ikabidi nilale usiku mmoja zaidi nikingoja iletwe na matatu ya asubuhi. Gharama zote juu yangu. Faida ya kazi iliishia hapo.

Niliporudi niliweka begi lote kwenye mizani ya duka la jirani, ile ya kupimia sukari. Laptopu, chaja, adapta ya USB, ya HDMI, ya waya wa mtandao, kisoma kadi na betri ya akiba: zilipita kilo mbili. Wepesi nilioulipia ulikuwa umehamia mfuko wa pembeni. Ndiyo maana nasema: usipime laptopu, pima begi.

Jambo hili si geni. Mwaka 2008 Apple walipotoa MacBook Air ya kwanza, ya kilo 1.36, ilikuwa na tundu moja tu la USB na haikuwa na la waya wa mtandao. Penye Wi-Fi kila kona unaweza kuishi hivyo. Barabara ya Moyale ni habari nyingine.

Sasa natumia ThinkPad X270 ya mtumba, toleo la 2017. Uzito wake unaanzia kama kilo 1.3. Ina USB za kawaida, HDMI, tundu la waya wa mtandao, pa kadi ya SD, na huchajiwa kwa USB-C pia. Betri ni mbili, moja ndani na moja nje, na ile ya nje unaibadilisha bila kuzima mashine. Umeme ukipotea dukani, mimi naendelea.

Kasoro zipo. Kioo cha yangu ni hafifu juani, na feni inavuta vumbi letu, kwa hiyo naisafisha kila mwezi. Prosesa yake haimo kwenye orodha ya Windows 11, na usaidizi wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi naendesha Linux, sina shida. Ukihitaji Windows, tafuta yenye Intel ya kizazi cha nane kwenda juu.

Kabla ya kununua, andika vitu ambavyo wateja wako watakupa uchomeke, si vile unavyopenda wewe. Kisha uliza chaja ni ya wati ngapi. Nyingi za aina hii zinataka 45 au 65, na chaja ndogo ya simu ya kwenye gari haifiki huko.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule mzee. Flashi ikaingia mara moja. Akatikisa kichwa: "Leo imekuja na mdomo."

Haya, tuonane tena Mungu akipenda.