Bomba la moshi lililotengenezwa Chemchem

Mpwa wangu alifika Tabora kutoka Mwanza na Toyota Altezza ya mwaka 1999, aliyoinunua kwa akiba ya miaka minne. Injini ilikuwa nzima, lakini bomba la moshi lilikuwa limeliwa na kutu, na sailensa ya nyuma ilifungwa kwa waya wa kuanikia nguo. Baada ya kuniamkia alinieleza haja yake. Alitaka fundi wa kumtengenezea ekzosi mpya, nyepesi, ya gari la michezo, yenye mlio wa kugeuza watu shingo barabarani. Tena alitaka masega yatolewe, kwa kuwa amepata mnunuzi, na fedha za masega zingelipa kazi yote.

Nilimjibu kwamba fundi yupo, Chemchem. Sikumwambia kwamba kwa miaka kadhaa nilikuwa nikikwepa kupita mbele ya karakana ya fundi huyo.

Sababu ni hii. Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya zabuni katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Tulihitaji vitanda vya chuma. Fundi yule alileta kitanda cha mfano, bei yake ikiwa ya chini kuliko wote. Tuliketi juu yake, tukakitikisa, tukakisifia. Kisha mmoja wetu akauliza cheti chake kiko wapi. Hakuwa nacho. Tukampa kazi mfanyabiashara wa mbali aliyekuwa na karatasi zote, na kabla mwaka haujaisha viungo vya vitanda vilianza kuachia. Mimi nilinyoosha mkono pamoja na wenzangu, ilhali darasani nafundisha juu ya uchumi wa kujitegemea. Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nizunguke njia nyingine.

Tulimkuta chini ya mwembe wake, akinoa patasi. Alinitambua mara moja. "Karibu, Mwalimu," alisema, na hakuongeza neno. Alilala chali chini ya gari, akagonga bomba kwa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma, akisikiliza mahali chuma kilipo kizima na mahali kilipooza. Alipoinuka, mpwa wangu alimweleza habari ya masega.

"Hayo siyatoi," alisema fundi. "Ukitaka yatolewe, mtafute mwingine."

Kijana alishangaa, na nakiri hata mimi nilishangaa. Masega ni kile kikasha kilicho karibu na injini, chenye matundu madogo kama sega la nyuki, yaliyopakwa tabaka jembamba la platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi hugeuzwa kuwa kaboni dayoksaidi, na mabaki ya petroli huunguzwa. Ukanda wetu uliachana na petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa ikiyaua masega. Kwa hiyo kinachouzwa leo kwa wanunuzi wa mitaani ni kinga ya mapafu ya jirani, na madini yake huishia katika viwanda vya nje. Fundi hakutumia maneno hayo. Alionyesha tu wanafunzi wake wawili na mama muuza maandazi aliyekuwa hatua chache kutoka pale. "Kila gari linalojaribiwa hapa, wa kwanza kuvuta moshi ni hawa."

Mpwa wangu alinyamaza, kisha akauliza kama bado ekzosi inaweza kuwa nyepesi. Hapo mzee alichangamka. Alituambia kwamba mafundi wengi hutumia bomba la maji kwa kuwa linapatikana kila duka. Lakini bomba la maji ni nene, na limepakwa zinki. Ukilichomelea, zinki hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kifua kubana usiku huohuo. Maziwa ambayo mafundi hunywa jioni kwa kuamini yanasafisha kifua, alisema, hayakumsaidia kaka yake.

Nilifanya hesabu kwenye bahasha. Bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 3 lina uzito wa karibu kilo 3.5 kwa kila mita. La unene wa milimita 1.5 ni kilo 1.8. Kwa mita tatu zinazohitajika, tofauti inafika kilo 5. Fundi aliitazama bahasha, akatabasamu, akaniambia nusu ya uzito ndiyo aliyotaka kusema tangu mwanzo.

Kazi ilichukua siku tatu. Alipata bomba jembamba lisiloshika kutu kutoka vyuma chakavu vya ngazi ya jengo lililobomolewa. Bomba jembamba ukilikunja hivihivi hubonyea, na moshi hukosa njia. Yeye alikata vipande vidogo vya kabari, akavipanga kimoja baada ya kingine hadi kona ikapatikana, mfano wa mgongo wa kamba wa baharini. Kuvichomelea ndiko kulikokuwa na mtihani, kwa maana umeme ukizidi kidogo chuma hutoboka. Aliteremsha moto wa mashine, akatumia vijiti vyembamba, akaweka nukta moja, akasubiri ipoe, akahamia upande wa pili ili bomba lisipinde. Saa nzima ilipita kwa kona moja. Ndani ya sailensa aliweka bomba lililotobolewa matundu kwa drili, mamia ya matundu, akalizungushia nyuzi za chuma na sufi ya kioo, kisha akafunika kwa bati. Mlio hupenya kwenye matundu na kuchoka ndani ya sufi, huku moshi ukipita moja kwa moja. Kijana alipata ngurumo nzito kiasi, na majirani hawakukosa usingizi.

Tuliazima mizani ya mfanyabiashara wa asali. Ekzosi ya zamani, kuanzia nyuma ya masega, ilikuwa kilo 21. Mpya ilikuwa kilo 11. Mpwa wangu alishangilia. Nilimkumbusha kwamba gari lenyewe lina zaidi ya kilo 1,300, na kwamba kilo 10 hazifiki hata asilimia moja. Alinijibu, "Mjomba, najua. Lakini hii imetengenezwa, haikununuliwa." Sikuwa na hoja ya kumpinga.

Ndugu msomaji, tunazungumza juu ya Tanzania ya viwanda kana kwamba viwanda ni kitu kitakachoshushwa melini. Tabora ina historia nyingine. Kabla ya reli, soko la mji huu lilipokea majembe ya chuma yaliyofuliwa na Wasumbwa na Warongo, na majembe hayo yalikuwa mahari na pia fedha. Mwaka 1916, Wajerumani walipozuiwa baharini na Waingereza na kukosa sarafu, walizitengeneza hapahapa katika karakana ya reli. Dhahabu ilitoka Sekenke, nayo ikawa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Maganda ya risasi na mizinga yakawa sarafu ndogo za shaba. Septemba ya mwaka huo Wabelgiji waliingia mjini na kazi ile ikakoma. Leo sarafu za tembo hununuliwa ghali na wakusanyaji wa Ulaya, na kijana wa Chemchem hajaambiwa kwamba zilipigwa mjini kwake.

Baada ya uhuru hatukukosa nia. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Kule Kibaha, Nyumbu iliunda malori yake yenyewe. VETA nayo ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza mtaani na kumpa cheti bila kumrudisha darasani. Na sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Mzee wetu na vijana wake wanaingia katika makundi hayo mara mbili. Tatizo ni kwamba katika kamati ile hakuna hata mmoja wetu aliyeyataja haya. Tulikuwa na kitanda imara mbele ya macho yetu, tukauliza karatasi.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa, nina ombi dogo. Zabuni ndogo ya chuma ikija mezani, ipimwe kazi kwanza: mfano uwekwe, upakiwe mzigo, uangaliwe viungo vyake. Fundi aliyefaulu lakini hana cheti aelekezwe VETA kabla ya mkataba, na asifukuzwe. Wanaharakati, mnapoandika juu ya hewa ya miji yetu, msiwasahau wanaoivuta hewa hiyo wakiwa chini ya magari. Nanyi wanafunzi wangu, mwalimu wenu alinyoosha mkono siku ile. Mniulize darasani.

Siku ya kulipa, nilibaki nyuma baada ya kijana kuwasha gari. Nilimwambia mzee kwamba nilikuwamo katika kamati ile ya vitanda, na kwamba nilikosea. Aliendelea kupanga vijiti vyake katika kopo.

"Nilijua, Mwalimu," alisema. "Kile kitanda cha mfano nakilalia mimi hadi leo."

Kisha akaniuliza fomu za VETA zinapatikana wapi, na kama zinajazwa kwa Kiswahili. Jumatatu tunakwenda pamoja.