Nani anauliza, nani anajibu

Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilipokwisha, vishikwambi vya makarani viligawiwa walimu. Dada yangu, mwalimu wa msingi, alipata kimoja akakifurahia: vitabu vyote humo, chaji inakaa. Ila akitaka kutunga mtihani anavuta laptopu yake ndogo, chakavu, ambayo bila waya wa umeme haiwaki.

Nimemwona akijaribu kutungia kwenye kishikwambi. Akigusa pa kuandika, kibodi inachomoza na kula nusu ya kioo. Akiwa swali la tatu, la kwanza halionekani tena. Alipofika kwenye jedwali la majibu alisonya, akakirudisha mkobani.

Kishikwambi hakina kosa. Karani wa sensa alisimama mlangoni pa watu, maswali yakiwa yameshatungwa na wengine. Yeye ni kubonyeza majibu tu. Laptopu ingemlemea. Mwalimu ndiye anayeuliza, na hapo ndipo mambo yanapobadilika.

Laptopu ndogo nazo zilikuwa na vituko vyao. Eee PC ya Asus, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 7 na kibodi ya kufaa vidole vya mtoto. Kitufe cha kulia cha herufi kubwa kilikaa ng'ambo ya mshale wa juu, basi ukitaka kuanza sentensi unajikuta umerukia mstari uliopita. Januari 2010, Steve Jobs akiitambulisha iPad, alizibeza laptopu hizo kuwa hazishindi vifaa vingine kwa lolote, kisha akaketi kwenye kochi kuonyesha kifaa chake. Kuhusu udhaifu wa laptopu hizo sibishani naye. Ila mtu wa kochini anatazama na kusoma; ripoti haandikii pale. Kufikia 2013, laptopu za aina ile zilikuwa zimekwisha nguvu sokoni.

Mama yangu hayo hayamhusu. Kwenye kishikwambi anakuza herufi za msahafu mpaka zinajaa kioo, anasoma bila miwani. Mimi nikishinda na kishikwambi nalala nikijua habari za watu wengi, na sijaandika hata aya moja.

Mdogo wetu wa mwisho anaingia chuo, anataka kishikwambi kwa sababu ni chepesi. Nimemuuliza ataandika nini huko. Amenijibu kwanza nimwambie nina shilingi ngapi.