Kilo Mbili na Nusu

Dona siku hizi, mwanangu, ni chakula cha wenye kisukari na wenye fedha. Nawaona huko Kinondoni wakilinunua kwenye mifuko yenye picha za kupendeza, tena kwa bei inayoizidi ya sembe, na matembele ya nazi wanayaagiza hotelini kama kitu cha tunu. Siwacheki. Nataka tu ujue kwamba sisi tuliokulia Temeke miaka ya themanini hatukula vitu hivyo kwa kutunza afya. Tulivila kwa sababu mama yangu, bibi yako, alikuwa na hesabu yake, na hesabu ile hakuna aliyewahi kuiandika, si makarani wa kiwandani alikofanya kazi baba, wala waandishi wa vitabu vya uchumi ulivyovisoma wewe pale Mlimani.

Tulikaa kwenye nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi hadi leo Temeke na Tandika: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi mrefu katikati, na nyuma uani, ambako ndiko maisha yalikokuwa. Sisi tulipanga vyumba viwili, vingine vikapangwa na watu wa kila kabila, na jioni majiko yaliwekwa mstari mmoja chini ya mwembe. Kwa harufu peke yake ulijua nani kapokea mshahara na nani anangojea: kitunguu kikikaangwa kwa mafuta, mwezi ni mchanga, ikisikika harufu ya mlenda na magadi, mwezi umezeeka. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Pugu, hiyo mnayoiita Nyerere leo. Kima cha chini cha mshahara tangu mwaka 1981 kilikuwa shilingi 600 kwa mwezi, na baba alikuwa hapo hapo kwenye kima, hajakipita. Ndani ya nyumba tulikuwa watu saba. Mama alishajua kuwa watu saba wanaokula ugali usiku na uji asubuhi humaliza kilo mbili na nusu za unga kwa siku, hata uwabembeleze vipi. Sembe ya Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, iliuzwa shilingi 2.50 kwa kilo. Piga hesabu mwenyewe: shilingi 187 na senti 50 kwa mwezi mzima. Kwenye karatasi tulikuwa watu wenye nafasi.

Shida ni kwamba bei ilikuwapo, unga haukuwapo. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, mafuta ya petroli yakapanda bei duniani mwaka huo huo, na Mwalimu Nyerere alikuwa ametuomba miezi kumi na minane ya kufunga mikanda. Tulifunga, miezi ikapita, na mikanda haikulegea. Bidhaa zikawa zinagawiwa kwa maduka ya kaya, na orodha ya nani ana watu wangapi alikuwa nayo mjumbe wa nyumba kumi, mzee mmoja mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye akikohoa tu ukumbini kina mama wote walichungulia wakidhani katangaza sukari. Foleni ilianza usiku. Waliochoka waliacha jiwe au ndala moja ishike nafasi, na ndala ile iliheshimiwa kuliko watu wengine ninaowajua. Mara nyingi ulipofika mlangoni ulikuta kilichobaki ni unga wa mahindi ya manjano kutoka Marekani, ule mtaa mzima ulioubatiza jina la unga wa Yanga. Ugali wake ulikuwa na harufu ya ghala lililofungwa muda mrefu, na mjomba wangu, Simba wa damu, aliula akiwa ameipa mgongo sinia, kwa kula njama na njaa yake dhidi ya timu yake.

Wapo wazee wenzangu wanaosema enzi zile zilikuwa na umoja na haki, na wapo wanaozilaani. Mama hakuwa na muda wa upande wowote. Yeye alisema bei ya serikali ni rahisi kwa mtu asiye na kazi nyingine ya kufanya. Usiku mmoja kwenye foleni ulikuwa usiku ambao hakuloweka mchele wa vitumbua, na usiku usio na vitumbua ulimkosesha pesa nyingi kuliko ile aliyoiokoa dukani. Kwa hiyo sukari na mafuta ya kula alivinunua kwa mlanguzi, kimya kimya, mlango wa uani, akijua anaibiwa na akijua kiasi anachoibiwa. Akina sisi watoto ndio tuliotumwa kwenye foleni ya sembe, kwa sababu muda wetu haukuwa na soko.

Sasa nikupeleke jikoni, maana huko ndiko hesabu ilikokuwa kali. Nazi moja, shilingi tatu, ilifanya kazi kama ng'ombe wa shamba. Ilikunwa kwenye mbuzi, ikakamuliwa kwa kifumbu, na tui la kwanza, lile zito, likatengwa kwenye bakuli na kufunikwa sahani ili sisi tusilipitie. Machicha yaliongezwa maji yakakamuliwa mara ya pili, mara ya tatu, na hayo maji membamba ndiyo yaliyochemshia kisamvu au kunde kwa saa nzima. Tui zito liliingia mwisho, sufuria ikiwa karibu kuepuliwa, hivyo mtu akionja ulimi wake ulikutana kwanza na utamu wa juu akaamini chungu kizima kimejaa nazi. Machicha walipewa kuku, na vifuu vikaingia motoni. Moshi wa kifuu una harufu tamu ya kuungua kwa mafuta. Nikiusikia hata leo najikuta nameza mate. Papa mkavu naye alinunuliwa kipande kama kiganja, akachomwa juu ya makaa mpaka nyumba nzima ikajua, akaoshwa chumvi, akachambuliwa nyuzi nyuzi na kutiwa kwenye mchuzi wa embe bichi. Haikuwa mboga ya kushiba, ilikuwa mboga ya kunukia, na ugali ulisindikizwa na ile harufu.

Moto ndio uliokula pesa kuliko watu wasiopika wanavyodhani. Mkaa uliuzwa kwa kopo, shilingi mbili, na kopo la muuzaji lilikuwa limebonyezwa kitako kwa makusudi. Maharage yalilowekwa tangu usiku, yakatiwa chembe ya magadi ili yaive upesi. Wali ukishakauka maji ulipaliwa makaa juu ya mfuniko, na makaa yaliyobaki hayakuachwa yafe: yaliokotwa moja moja kwa koleo, yakazimwa kwa kufunikwa ndani ya chungu kibovu, kesho yakawashwa tena. Mkaa ukiadimika tulitumwa Keko kwa mafundi seremala kuomba vumbi la mbao. Mama alisimamisha chupa katikati ya kopo kubwa la bati lililotobolewa chini, akashindilia vumbi pembeni yake kwa ngumi, kisha akaichomoa chupa polepole, ikabaki tundu. Moto ukiwashwa kwa chini ulipanda ndani ya tundu lile ukawaka bila kelele kwa muda mrefu, ukinukia mninga. Kina mama wa uani walipokezana majiko. Aliyemaliza ugali wake mapema hakuzima, aliita mwenzake asogeze sufuria ya chai, na kesho ilirudishwa kwa namna nyingine, pilipili au nusu kitunguu. Hakuna aliyetaja deni na hakuna aliyelisahau.

Mengine nayapitia haraka. Sabuni ilipokosekana nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, na sufuria zikasuguliwa kwa majivu. Miguuni tulivaa katambuga za matairi ya gari, ambazo hazikuisha ila ziliishiwa na misumari. Ugali wa kiporo ulibanikwa asubuhi ukaliwa kwa chai ya rangi, na sukari ikikosekana chai ilinywewa kwa tende moja mdomoni, ukiitafuna kwa hila ili ifike mwisho wa kikombe.

Pesa yenyewe ya nyumba, mwanangu, ilitoka kwenye vitumbua. Mama alinunua mchele wa chenga, ule uliovunjika ambao wenye uwezo hawautaki, akauloweka, akautwanga na kuuchekecha. Hamira ilikuwa hadithi, kwa hiyo aliuumulia kwa tembo la mnazi alilotumiwa na mgema wa Mbagala ndani ya chupa ya soda iliyozibwa kwa kitambaa. Yeye aliyekuwa haachi swala alisema tembo lile linanywewa na mchele, yeye halimhusu. Saa kumi alfajiri tuliamshwa na harufu ya iliki na mafuta ya moto, na saa kumi na mbili alikuwa getini kiwandani zamu ikibadilishana, kitumbua kimoja shilingi moja. Wanaume walikula wakiwa wamesimama, mafuta yakiwachuruzika vidoleni, wengine kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Majina ya wadeni aliyafunga kichwani, maana kuandika alijua kidogo tu. Baba alipokuwa mbele ya wenzake aliyaita mapato hayo vijisenti vya mama yenu.

Machi 1983 Serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na mtaani habari zikaenea za watu waliotupa mali usiku, wengine baharini, wengine chooni. Walanguzi wakubwa walikuwapo kweli na sikuwahi kuwahurumia. Lakini hofu haikuchagua. Mtu mwenye miche mitatu ya sabuni alijiona mhujumu. Mama alikuwa na nusu debe la mafuta ya kula chini ya kitanda, roho ya vitumbua vyote. Usiku ule aliyagawa kwenye chupa, akakwaruza kila chupa kwa ncha ya kisu pale mafuta yalipoishia, akazisambaza vyumba vyote sita, mbili mbili, kama matumizi ya kawaida ya kila mpangaji. Hakuna aliyekuja kupekua. Msako ulipopoa chupa zilirudi, zote zikiwa kwenye alama isipokuwa moja iliyoshuka upana wa vidole viwili, kutoka chumba cha kijana mmoja kapera aliyeapa kuwa joto ndilo limeyakausha. Mama alicheka hadi akakaa chini, kisha akamnyima mkopo wa vitumbua kwa muda mrefu. Mwaka huo huo ulikuja msako wa Nguvu Kazi, wasio na kitambulisho cha kazi wakikamatwa wapelekwe mashambani, na kuuza getini kukawa hatari kwa mtu mzima. Beseni nililibeba mimi, nimevaa sare za shule.

Kisha ikaja bajeti ya mwaka 1984. Ruzuku ya sembe iliondolewa, na kilo iliyokuwa shilingi 2.50 ikawa shilingi 8. Kima cha chini kilipandishwa hadi shilingi 810, na redioni ilisikika kama habari njema. Mama hakuhitaji kalamu. Kilo mbili na nusu kwa siku sasa zilikuwa shilingi 600 kwa mwezi, yaani mshahara wote wa zamani wa baba ulikwisha kwenye unga mtupu, bila chumvi, bila kiberiti. Wiki ile ile aliacha sembe. Alinunua mahindi kwa debe Tandika, akayapeleka mashineni yasagwe bila kukobolewa, kwa sababu kukoboa kunalipiwa peke yake na pumba inabaki kwa mwenye mashine. Hilo ndilo dona lenu. Siku mbili tatu za wiki ugali uliachwa kabisa, tukala muhogo wa Kisarawe uliochemshwa kwa lile tui la pili, na sisi tuliokuwa tunakua tulilala tukiwa tumeshiba upande mmoja.

Mwisho wa mwezi wa kwanza wa mshahara mpya baba alileta bahasha yote, akaiweka mkekani kwa fahari. Mama akatenga unga, akatenga kodi ya vyumba, na mkekani hakikubaki kitu. Akamuuliza kwa adabu kabisa, mume wangu, mboga, mkaa, mafuta ya taa, madaftari na nauli yako vimekuwa vikitoka wapi miaka yote hii? Baba hakujibu. Aliomba maji ya kunywa akaenda barazani. Lakini kesho yake alfajiri, akienda zamu, alilichukua beseni kutoka mikononi mwangu, akalifunika kwa khanga na kulibeba mwenyewe hadi getini, mwanamume mzima wa Temeke na vitumbua kichwani, akisalimia watu njiani kana kwamba ndivyo alivyozaliwa.

Mwinyi alipoingia Ikulu Novemba 1985 maduka yalikuwa yameanza kujaa. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa tangu Novemba 1983, mafuta ya kupikia ya Kimbo yakaonekana hadharani, mitumba ikatundikwa, na daladala za shilingi tano zikawa zinagombea abiria barabarani. Vitu vilirudi, pesa ndiyo haikurudi. Mama akapandisha kitumbua hadi shilingi mbili. Wenzake wa zamu walimlalamikia baba, wakamwita mlanguzi, naye akasimama pale pale getini akawatajia bei ya kibaba cha chenga, ya nazi, ya iliki na ya kopo la mkaa lililobonyezwa kitako, moja baada ya nyingine bila kukosea, mpaka wakalipa.