Tela la kaka, lita 40 za maji na mteremko wa Kitonga

Najua nimeadimika. Testi mbili zimepita, na katikati yake kila Jumamosi nimeshinda karakana. Narudi hosteli nanuka gundi mpaka mwenzangu wa chumbani anafungua dirisha, na baridi ya Iringa mnaijua. Leo nawasimulia kinachonipeleka huko.

Kaka yangu anatengeneza tela la kulala porini. Ni kijumba cha magurudumu mawili cha kuvutwa na gari, ukikiangalia kwa ubavuni kina umbo la tone la chozi: mbele kimeviringa, nyuma kinashuka kikichongoka. Ndani ni kitanda tu. Jiko liko nyuma kwa nje, unainua mfuniko unapika umesimama, na mfuniko wenyewe unakuwa paa lako. Mambo haya yalianza Marekani miaka ya 1930, na baada ya Vita Kuu ya Pili yakashika kasi kwa sababu watu wa kawaida walijitengenezea nyumbani. Jarida la Mechanix Illustrated la Septemba 1947 lilitoa mpaka ramani yake. Wengine walifunga magurudumu ya Jeep za jeshi. Kwa hiyo msimcheke kaka na ekseli yake ya skrepa, wenye fani yao walianza hivyo hivyo.

Kaka alikuwa dereva wa watalii mpaka 2020, ile corona ilipowakausha watalii. Akarudi kwenye kuchomelea mageti. Sasa wageni wapo, na kuna wanaopenda kujiendeshea wenyewe mpaka Ruaha. Hema la juu ya gari ni ghali, halafu asubuhi ukitaka kwenda kutafuta simba lazima ulikunje kwanza. Tela unaliacha kambini unaondoka zako. Hesabu yake haikuwa mbaya, mimi mwenyewe niliipitia. Tatizo ni mtaji. Pesa aliyoingiza ni ile iliyokuwa ya mabati ya nyumba ya mama, na mama ameambiwa itarudi kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Siku alipokuja kuona kazi alilizunguka lile tela mara mbili, akauliza kwa upole, "Hako kabanda ka mbwa ndiko kamekula mabati yangu?" Hakuna aliyecheka.

Ubahili wa kaka ni wa kujifunza, jamani. Plaiwudi inauzwa futi 4 kwa 8, basi sakafu ni shiti moja nzima bila kukatwa, na kuta zimefungwa kwa nje ya sakafu. Futi 6 za mbele linaingia godoro la kawaida la 4 kwa 6 utadhani lilishonewa humo, futi 2 za nyuma zinabaki kwa jiko. Ekseli na springi ni za Hilux iliyokufa, na anayevuta ni Hilux yake kuukuu, kwa hiyo tairi zina nati sita kote na spea moja inatosha wote wawili. Porini hilo ni jambo kubwa kuliko rangi.

Ngozi ya nje ndiyo iliyonifurahisha. Bati la alumini lilimshinda bei. Wenye pesa kidogo huko duniani wanatandika kitambaa kizito cha pamba juu ya plaiwudi, wanakilowesha kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji mpaka kishikane na mbao, kikikauka wanapaka rangi ya nje tabaka tatu nne. Maji hayapiti kirahisi, na mbao haipasuki rangi kwenye maungio. Sisi tulikwenda sokoni tukanunua marekani. Yaani tela la Wamarekani limevishwa marekani! Nilicheka peke yangu, kaka hakuona cha kuchekesha.

Sasa tuje kwenye maji. Kaka aliweka tenki la lita 40 nyuma kabisa, chini ya jiko, na betri pembeni yake. Hoja yake inaeleweka, anayepika yuko nyuma, maji yakae nyuma. Mimi nasoma ualimu hapa Mkwawa, Fizikia na Hisabati, na kwenye TP nitafundisha momenti kidato cha pili. Nilipoona lile tenki nikachukua kalamu.

Tela ni mizani ya bembea. Ekseli ndiyo egemeo, na mdomo, pale linaposhikana na gari, uko mita 2.5 mbele yake. Tenki liko sentimita 80 nyuma ya ekseli. Maji ya kilo 40 kwa mita 0.8, gawa kwa 2.5, unapata karibu kilo 13 zinazonyanyuliwa kutoka mdomoni. Wanaojua kazi hii wanataka mdomo ubebe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ukizidisha, gari linakaa kitako, matairi yake ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unapoteza nguvu. Ukipunguza ni mbaya zaidi. Upepo wa basi ukilisukuma tela pembeni kidogo tu, mkia unayumba, na badala ya kutulia kila myumbo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Mwendo ukiongezeka hali inazidi.

"Mwalimu," kaka akasema (akiniita hivyo najua amechoka), "hiyo ni ya kwenye makaratasi. Mimi nimeendesha miaka tisa."

Nikamwambia, "Ndiyo maana nataka upime wewe, kaka, siyo mimi."

Tukaazima mizani ya magunia kwa mfanyabiashara wa mahindi jirani. Tenki limejaa, godoro ndani, mtungi wa gesi mahali pake. Tukapima tairi moja moja, yale mengine tukiyainua kwa mbao ili tela lisilale, kisha mdomo juu ya gogo lenye kimo cha gari. Jumla kilo 420. Ulaya tela lisilozidi kilo 750 na mzigo wake huruhusiwa kuwa bila breki zake lenyewe, kwa hiyo hapo tulikuwa salama. Mdomo ukasoma kilo 23. Hata asilimia 6 haifiki.

Kaka alikaa kimya. Wateja wake wa kwanza ni mume, mke na mtoto, wanakuja Julai, na wanataka waanzie Mikumi ndipo warudi Ruaha. Maana yake tela litashuka Kitonga. Mnaoijua Kitonga hamhitaji maelezo: kona, malori nyuma yako, malori mbele yako, korongo pembeni. Lakini kulihamisha tenki kulimaanisha kukata alichochomelea, kununua pampu ndogo ya betri ya kupandisha maji jikoni, na kuongeza elfu themanini juu ya pesa ambayo tayari ilikuwa mabati ya mama. Sikumshauri zaidi. Nilikwenda kusafisha brashi. Niliporudi alikuwa chini ya tela na grainda.

Tenki sasa limening'inia chini ya sakafu, sentimita 30 mbele ya ekseli, lina ngao ya bati dhidi ya mawe. Betri ya kilo 14 imehamia kwenye boksi la mbele. Kwenye daftari nilipata mdomo kilo 55. Mizani ikasema 54, yaani karibu asilimia 13. Nilipiga kelele mpaka muuza mahindi akatoka nje.

Jumapili tulilivuta mpaka Kalenga na kurudi. Kaka alikuwa anaangalia kioo cha pembeni zaidi ya barabara. Lilifuata kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kitonga bado, tutaishuka wenyewe kabla ya wateja, tela likiwa limejaa, na baada ya usajili na ukaguzi kukamilika.

Kilichobaki ni vumbi. Mpira wa mlango tuliutoa kwenye gari bovu na umeshaanza kukatika, vumbi linaingia mpaka kwenye godoro. Tumeacha tundu dogo la hewa juu, maana watu wawili wakilala humo usiku wa baridi pumzi zao zinageuka maji ukutani, kwa hiyo kuziba kila kitu haiwezekani. Mwenye kujua mpira mzuri unaopatikana hapa Iringa kwa bei ya mwanafunzi aniambie kabla ya Jumamosi. Nina UE wiki ya tatu.